Paneli Ilihukumiwa Bila Kosa

Mliokuwa Dunga, hapa Kisumu, mlijionea. Kampavani iko juani saa sita mchana, friji imekataa, betri ya volti 12 haijai, na fundi anatangaza kwamba paneli imechoka. Paneli ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa la kontrola, na ushahidi alikuwa nao mkononi.

Klampu mita ilisoma ampia 9. Paneli ikafunguliwa, ikageuzwa, na kibandiko cha nyuma kikasomeka waziwazi: wati 280, volti za kazi (Vmp) 31.5, ampia za kazi (Imp) 8.9. Yaani inatoa ampia zilezile ilizoahidi kiwandani, na bado unaipeleka mochari! Kontrola yenyewe ni PWM. Hiyo huiunganisha paneli na betri moja kwa moja. Betri inaiburuta paneli hadi volti 13, na volti zilizobaki hazimfaidi mtu. Zidisha: 9 mara 13 ni wati 117. Zaidi ya nusu ya paneli ilikuwa pambo la paa. Kontrola ya MPPT ingezigeuza volti hizo za ziada kuwa ampia, na hata ukitoa hasara ya joto, betri ingepokea 16 au 17.

Waya fundi aliubadilisha vizuri, kutoka milimita za mraba 2.5 hadi 6, na kivuli cha keria akakiondoa. Sawa.

Wapo waliolaumu paneli kulala bapa. Jamani, Kisumu iko karibu juu ya ikweta. Bapa inatosha, mradi vumbi lifutwe.

Na msiniambie MPPT zimejaa madukani. Nimezipigia kelele hapa zile za bei ya kutupa zenye stika ya MPPT: ukifungua ndani, hukuti koili hata moja. Bila koili hakuna volti inayogeuzwa, hata stika iwe ya dhahabu.

Kina Harold Burris na Mark Hankins, waliofunga sola katika sekondari ya Karamugi kule Meru mwaka 1984 na kuwafunza mafundi wa hukohuko, walifanya kazi wakati paneli ni ghali ajabu. Enzi hizo huwezi kuitupa paneli kwa kukisia.

Paneli mpya aliyofunga fundi ni ya wati 330, seli 72: Vmp 37.5, Imp 8.8. Kontrola ni ileile. Mwenye gari amelipia wati 50 zaidi ili apate ampia pungufu.