Emahoy Si Mahubiri

Kila baada ya miezi michache, mtu hunitumia video ya Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Huwa ni ileile: picha ya mtawa mzee wa Ethiopia, piano ikilia polepole, na chini yake maneno ya kutia moyo. Alinyimwa nafasi moja, Mungu akampa nyingine. Amina. Kwangu hadithi hiyo inamwonea huyu mama, na inatuzuia kusikiliza anachopiga.

Tuanze na maisha yake. Alizaliwa Addis Ababa mwaka wa 1923, kwenye familia ya wakubwa. Akiwa na miaka 6 akapelekwa shule ya bweni Uswisi, na huko ndiko muziki wa Ulaya ulimpata. Italia ilipovamia Ethiopia, yeye na familia yake walisafirishwa kama wafungwa hadi kisiwa cha Asinara. Baadaye alikwenda Cairo kusoma kwa Alexander Kontorowicz, mpiga fidla kutoka Poland. Kisha nafasi ya London ikaja, Royal Academy of Music. Ruhusa ya kuondoka ikakataliwa. Akasusia chakula hadi kasisi akaitwa ampe sakramenti ya mwisho. Alipopona akaenda monasteri ya Gishen Mariam, akaishi huko karibu miaka 10, akitembea bila viatu.

Video nyingi huishia hapo, na ni kama mtu aliyetoka ukumbini kabla ya mpigaji kuketi. Albamu yake ya kwanza ilitoka Ujerumani mwaka wa 1967, na mapato yakaenda kusaidia wahitaji. Miaka ya 1980 alihamia Jerusalem, akaishi kwenye monasteri ya Waethiopia. Dunia ilimfahamu vizuri mwaka wa 2006, lebo ya Buda Musique ya Ufaransa ilipomtolea albamu ya 21 katika mfululizo wa Éthiopiques. Alikuwa na miaka zaidi ya 80. Alifariki Machi 2023, akiwa na miaka 99. Ukimpima kwa mizani ya wapiga piano wa klasiki, wenye ziara za kumbi kubwa na mashindano, utasema hakuwa na kazi yoyote.

Sasa sikiliza "The Homeless Wanderer". Mkono wa kushoto unatembea kwa adabu, kama mtu aliyefunzwa Chopin na bado anamkumbuka mwalimu. Wa kulia hauna haraka. Unaweka vinoti vidogo mbele ya noti kubwa, unachelewa, unakimbia, unarudi, kama mwimbaji wa kanisa anayevuta neno moja mpaka pumzi iishe. Mwaka wa 2017 BBC ilimtengenezea kipindi cha redio na kumwita mtawa wa honky tonk, yaani piano za baa za Marekani. Jina linavutia, lakini linatupeleka nchi isiyo yake. Kile masikio yetu yanakiita bluzi ni ngazi za noti tano za Ethiopia, tizita na wenzake, pamoja na uimbaji wa kanisa ambao Waethiopia wanausimulia kuwa ulianza na Mtakatifu Yared, karne ya 6. Hakuiga Mississippi. Alikuwa anapiga nyumbani kwao, kwa mikono iliyosomea Ulaya.

Sisi wa Kakamega tuna sababu ya kulijali hilo. Vinanda vingi nilivyokua navyo hapa ni vya umeme, vya kanisani, vyenye midundo iliyopachikwa ndani. Mpigaji anabonyeza kitufe, mdundo unaanza, vidole vinajaza nafasi. Stima ikipotea, wimbo umeisha. Na si ati hatuna mdundo bana! Isukuti ni ya hapa, ngoma tatu zinazoongea na kujibizana, na tangu 2014 UNESCO imeiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Emahoy hakuomba kitufe kimfanyie Uethiopia. Aliuchukua hadi kwenye noti, ncha ya kidole kwa ncha ya kidole.

Nina lalamiko pia. Ukisikiza albamu ya 2006 kwa mkupuo, vipande kadhaa vinafanana, na baadhi ya walzi zake zina adabu kupita kiasi, kama binti wa shule ya bweni anayepigia wageni sebuleni. Wanaomfanya mtakatifu hawataki tuseme hivyo. Lakini mtakatifu hahitaji mhakiki. Mpiga piano anamhitaji.

Hapo ndipo mimi naingia. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhindikana nyumbani. Tangu hapo nimeambiwa mara nyingi, hasa matangani, kwamba kila jambo lina sababu yake. "Mungu ana mpango, kijana wetu." Wanaosema ni shangazi zangu na marafiki za mama, watu wanaonipenda, na huwa naitikia kwa heshima. Lakini maneno hayo yana kazi nyingine: yanamsamehe aliyekataa kabla hata hajaulizwa kwa nini. Binti aliyekaribia kufa kwa kunyimwa London hakuwa anapewa zawadi. Muziki uliofuata ni wake, aliutolea jasho miaka mingi. Uamuzi wa kumzuia haustahili hata noti moja ya sifa hiyo.

Ukiwa na bando ya jioni moja, anza na "Souvenirs", iliyotoka 2024. Ni kanda alizojirekodi nyumbani Addis Ababa kati ya 1977 na 1985, enzi za Derg, akiimba huku akijipigia piano. Sauti yake si ya mwimbaji mkubwa. Ndege wanasikika nje ya dirisha. Anaimba kuhusu kupoteza na kuhusu uhamisho, na hasemi popote kwamba ilikuwa heri.