Kitabu cha Yav na Kazi ya Mchapishaji

Waandishi chipukizi wa Lubumbashi hudhani kwamba mchapishaji ni mwenye mtambo wa kupiga chapa tu. Kisa cha Vocabulaire de ville de Elisabethville chaikanusha dhana hiyo. Matini hayo, historia ya mji huu uliobadilishwa jina mwaka 1966, yalitungwa na André Yav kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani, yakapigwa taipu mwaka 1965 katika Kiswahili cha mjini humu. Yalirudufiwa bila mchapishaji yeyote. Nakala, basi, zilikuwapo. Kilichokosekana ni uhariri na njia ya kumfikia msomaji wa mbali.

Mwaka 1990 kampuni ya John Benjamins ya Amsterdam iliyatoa kitabuni, mhariri akiwa Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango. Kwa kuwa mipaka ya maneno haikuwa thabiti katika maandishi ya Yav, ilimlazimu Kalundi ayasome kwa sauti ndipo yaeleweke. Huo ndio uhariri hasa, nasi twausifu: lugha ya mtungaji haikusanifishwa. Hata hivyo tafsiri na ufafanuzi ni vya Kiingereza, kwani mchapishaji hutazama kwanza nani atanunua, na hapa mnunuzi, kwa maoni yetu, ni maktaba ya chuo kikuu. (Mtumishi mstaafu wa Kenya au Katuba angekinunua wapi?)

Apelekaye mswada nje leo aulize, kabla ya kujadili mrabaha, kitabu kitauzwa wapi na kwa bei gani. Na haki ya kutoa toleo la bei nafuu nchini aombe ibaki mkononi mwake.