Fundi Anayeanzia Mwisho

Jioni ya kwanza alipokuja kwetu Kwihara, Tabora, fundi hakufungua hata begi lake. Mpwa wangu alikuwa amemwandalia orodha ya vipuri vya kompyuta ya gemu, ameinakili kwenye video za mtandaoni, kila kipuri na bei yake. Juu kabisa ilikaa kadi ya picha yenye jina refu, ambayo peke yake ingemeza zaidi ya nusu ya milioni moja na laki nane alizozikusanya kwa miaka miwili ya kupiga video za harusi. Fundi aliipokea ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kikombe cha chai.

"Hiyo kompyuta utaitazamia wapi, dogo?"

"Kwenye monita, kaka."

"Nionyeshe."

Tukaingia chumbani. Monita ni ya mtumba, inchi 24, imetoka kwenye ofisi ya watu huko Ulaya, na stika ya namba ya mali bado imeng'ang'ania mgongoni. Fundi akaigeuza, akasoma kibandiko kwa tochi ya simu. Pikseli 1,920 kwa 1,080. Picha 60 kwa sekunde. Akauliza gemu gani zinachezwa: mpira, GTA, na kati ya gemu na gemu kuhariri hizo harusi. Halafu akasema kwa upole kabisa kwamba kadi iliyoandikwa kwenye karatasi ingechora picha nyingi mno kuliko ambazo kioo hiki kinaweza kuzionyesha. "Zinazozidi utazitazamia wapi?"

Mpwa wangu akanigeukia kama mtu anayetafuta wakili. "Mjomba, mtu huyu ananiambia ninunue ndogo!"

Mafundi wa kufunga kompyuta ni wengi, na kufunga kwenyewe, kwa aliyeshazoea, ni kazi ya saa mbili. Ninayemsifu hapa namsifu kwa zile jioni tatu alizokaa barazani kwetu bila bisibisi, akichagua. Kila alichokichagua alikianzia mwisho wa safari, akarudi nyuma hadi dukani.

Hapa Kwihara mtu akisema habari za kuanzia mwisho wa safari hawezi kukwepa kulitazama lile tembe la Livingstone. Liko palepale, sasa ni makumbusho, na watalii huja kuona alipokaa Livingstone mwaka 1872. Mimi kinachonivuta zaidi ni mizigo iliyofika hapo. Mwaka 1871, kabla hajavuka kwenda Bagamoyo, Stanley, aliyekuja kumtafuta Livingstone, alihangaika Unguja na swali la fundi wetu: nichukue nini? Wenyeji wa biashara hiyo walimfundisha kwamba hakuna ushanga mzuri hivihivi. Nyekundu, samesame, ndizo walizozipenda Wanyamwezi. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, na kwingine takataka. Zile kubwa za sungomaji zilitakiwa Ujiji na Uguha, lakini ukizitoa mahali pengine watu walikurudishia. Nyeupe zilipita Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Alinunua magunia 22 kwa hesabu hiyo, na kila kitu kikagawanywa katika mizigo isiyozidi frasila mbili, karibu kilo 32, kwa kuwa huo ndio uliokuwa mpaka wa bega la mpagazi. Sitaki kuipamba njia ile, maana minyororo ya watumwa ilipita humohumo. Ila elimu ya kuchagua mzigo ilikuwa elimu hasa, na aliyekosea Unguja aliligundua kosa lake Ugogo, ambako hakuna duka la kubadilishia.

Turudi barazani. Prosesa aliyoichagua fundi ni Ryzen 5 5600, yenye viini sita, iliyotoka mwaka 2022. Mpwa wangu alitaka mpya zaidi. Fundi akamweleza kuhusu soketi, yaani kiti ambacho prosesa inakalia. Hiki kinaitwa AM4. AMD, watengenezaji wa prosesa hiyo, walikianza mwaka 2016 na wakakaa nacho miaka mingi kabla ya kuleta AM5 mwaka 2022. Kiti kilichoishi muda mrefu kina mazabodi, yaani bodi mama, nyingi za mkono wa pili, na siku moja ikiharibika hutatangatanga kutafuta nyingine. Kwa mtu anayeishi Masaki, Dar es Salaam, hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa Kwihara ni nusu ya uamuzi.

Lakini wingi huo una mtego wake, na hapa ndipo nilipoanza kusogeza kiti changu karibu. Mazabodi za aina ya B450 zilitoka mwaka 2018. Prosesa za kizazi cha 5000 zilianza kuja mwishoni mwa 2020. Ukinunua mazabodi iliyolala stoo tangu zamani, prosesa itaingia vizuri, feni zitazunguka, taa zitawaka, na kioo kitabaki cheusi. Programu ya ndani ya mazabodi, ile BIOS, haijapata habari za mgeni huyu. Lazima isasishwe kwanza, na kwa mazabodi nyingi huwezi kuisasisha bila kuweka prosesa ya zamani ambayo BIOS hiyo inaitambua. Wengi hufikiri wameuziwa kitu kibovu. Fundi wetu ana prosesa moja kuukuu aliyoihifadhi kwa sababu hiyo tu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, imezungushiwa sponji. Pini zake mbili zimewahi kupinda akazinyoosha kwa mdomo wa penseli ya kubonyeza. Anaiita Mzee wa Kuamsha.

Kwa upande wa RAM alichukua mbili za 8GB badala ya moja ya 16GB, kwa kuwa mbili huipa prosesa njia mbili za kupitishia data kwa wakati mmoja. Na zikishafungwa kazi bado: RAM iliyoandikwa 3200 mara nyingi huamka kwa mwendo wa chini mpaka uingie kwenye BIOS uiruhusu kukimbia. Wako watu wanaoishi nayo miaka ikitembea kwa miguu, na bei ya mwendo kasi walishailipa.

Kadi ya picha ndiyo iliyohitaji safari. Nami nilikuwa na shughuli zangu Dar es Salaam, nikaongozana naye kwa basi. Aliyataka maduka ya Kariakoo, mahali ambapo jina lake lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, kwa hiyo mizigo bado tuko nayo. Alitafuta RX 6600 iliyotumika, yenye kumbukumbu ya 8GB, inayokula wati 132 tu. Kadi zilizotumika zina historia. Mwaka 2021 wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walizinunua dunia nzima mpaka wachezaji wakazikosa. Septemba 2022 Ethereum ikabadili mfumo wake, uchimbaji wake ukafa kwa siku moja, na kadi zikamwagwa sokoni. Nyingine zilikuwa zimefanya kazi usiku na mchana bila kupumzika.

Nilimtazama akiikagua moja. Kwanza aliinusa. Kisha akaisukuma feni kwa kidole kidogo, akaiacha izunguke na kusimama yenyewe, akitega sikio. Akaangalia vichwa vya skrubu kama vimechubuka, maana skrubu iliyochubuka inasema kadi imewahi kufunguliwa. Akaiinamisha usawa wa jicho kuona kama ubao umepinda. Akatafuta alama za mafuta pembeni, yale yanayovuja kwenye vitambaa vya kupitishia joto vikichoka. Mwishowe akaomba ifungwe kwenye mashine ya dukani iendeshwe kwa mzigo mzito nusu saa. Muuzaji akaguna. Fundi akaagiza soda mbili, moja ya muuzaji. Kadi ya kwanza ilikwama dakika ya kumi na moja. Ya pili ilimaliza muda wote, na hiyo ndiyo iliyolipiwa.

Duka la pili tulikwenda kwa ajili ya pawa saplai. Hapa nina kidonda changu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua moja ya bei ya kutupa, sitataja wapi, na usiku mmoja umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo, ilitoa moshi ikaondoka na mazabodi pamoja na diski iliyokuwa na maandishi yangu ya miaka mitatu. Kwa hiyo nilisimama karibu. Fundi aliletewa moja iliyoandikwa 600W kwa herufi nyekundu. Aliipima mkononi, juu, chini, kama mama anavyopima nanasi sokoni. Kisha akamulika tochi kwenye matundu, akaniita nichungulie. Ndani niliona ubao wenye alama zilizochapwa za vipuri ambavyo havikuwekwa: duara tupu, mstatili mtupu, mahali pa koili pamebaki matobo. Vile vya kuchuja umeme mchafu ndivyo walivyoviruka, kwani bila hivyo mashine inawaka vilevile.

"Hili ni boksi la feni, mzee," akasema, akaliweka kaunta kwa adabu.

Aliyoichukua iliandikwa 550W, namba ndogo kuliko ile, yenye alama ya 80 Plus Bronze, na mkononi ilikuwa nzito kama tofali. Nikamuuliza kwa nini 550 wakati kadi inakula 132 na prosesa imeandikwa 65. Akanieleza kwamba kadi huwa na miruko ya ghafla inayozidi namba yake ya kawaida, na kwamba pawa saplai hufanya kazi kwa raha zaidi ikiwa karibu na nusu ya uwezo wake. Inapata joto kidogo, feni yake haipigi kelele, inaishi. Alitaja pia UPS, zile betri za dharura, za 650VA tunazozinunua tukidhani hizo ni wati 650, kumbe mara nyingi hazifiki hata 400. Kwa mashine hii zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima salama. Kwa ile ya kwenye karatasi ya mpwa wangu zingelia na kuzimika palepale.

Kilichobaki ni kasha, ambalo mafundi wenyewe wanaliita kesi, na kweli ndilo lililoleta kesi. Mpwa wangu alitaka lenye kioo mbele na taa za rangi zote za upinde wa mvua. Sikumlaumu, ujana lazima uonekane. Fundi alimkumbusha Oktoba. Kabla mvua hazijaanza, mchana wa Tabora hupita nyuzi 30, na vumbi la kiangazi halihitaji mlango. Akachagua kasha lenye wavu mbele, feni mbili za kuvuta hewa kupitia chujio, na moja tu ya kutoa nyuma. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, ndani kunakuwa na msukumo, hivyo kila ufa unapuliza nje badala ya kunyonya vumbi. Chujio linachomoka kwa mkono, linaoshwa kwa maji Jumamosi. Taa za rangi? Aliruhusu utepe mmoja. Nadhani hapo alikubali kushindwa kwa makusudi.

Vipuri vilisafiri kwenda Tabora kila kimoja ndani ya boksi lake. Fundi hasafirishi kabisa kompyuta iliyokwisha kufungwa na kadi ikiwa ndani. Kadi nzito ikitikiswa njia nzima inaweza kung'oa tundu lake kwenye mazabodi. Mizigo inagawanywa kwanza, inaunganishwa ikifika.

Asubuhi ya kuunganisha alifika saa moja kasoro, kabla upepo haujaamka. "Shikamoo mzee," kisha akaosha mikono, akagusa chuma cha kasha kuondoa umeme wa mwilini, akakaa. Prosesa ya AM4 ina pini 1,331 tumboni, nyembamba kama nywele za mswaki, na pembeni imechorwa pembetatu ndogo ya dhahabu inayopaswa kukutana na pembetatu ya kwenye soketi. Aliinua mkono wa soketi. Akaitua prosesa kwa vidole viwili, akaiachia. Hakuisukuma hata kidogo. Ilizama yenyewe kwa uzito wake, sauti yake ndogo kuliko ya punje ya mchele kuangukia sahani, na mpwa wangu, aliyekuwa akirekodi kwa simu, akasahau kurekodi.

Kioo kiliwaka saa tatu na robo. Oktoba ilipokuja, kadi ilicheza mchana kutwa bila kukwama, na kioo kikapata picha zake 60.

Fundi alidai malipo ya kufunga peke yake. Kuchagua, alisema, watu hawalipii, kwa hiyo hakuzoea kukutaja. Nililipa vyote viwili, na bado naona nilimpunja. Nawe ukimfuata, usimpelekee orodha. Mpelekee jina la gemu, vipimo vya kioo chako, na umweleze ukweli kuhusu umeme wa mtaani kwenu.