Mwindo na amani ya Tubondo

Wale kati yetu waliozaliwa upande wa Walikale walisikia jina la Mwindo kando ya moto, kabla hawajajua kusoma. Sisi wengine tulikutana naye baadaye, katika kitabu. Mwaka 1956 mzee mmoja Mnyanga, Candi Rureke, aliimba na kusimulia habari zake kwa muda wa siku 12, na maneno yake yakaandikwa kwa Kinyanga. Mwaka 1969 Daniel Biebuyck, Mbelgiji, pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga mwenyewe, waliyachapisha huko California, Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hadithi ndefu za namna hii Wanyanga wenyewe wanaziita karisi.

Tangu siku hizo kitabu hiki kimesifiwa mahali pengi, na ni haki yake. Lakini tumeona ya kuwa wanaokisifu mara nyingi wanasimama kwenye vita. Wanapenda mtoto anayetembea na kusema mara tu anapozaliwa. Wanapenda usinga wake, conga, unaofufua wafu. Wanapenda umeme unaoteketeza kijiji. Vita ikiisha, na wao wanafunga kitabu. Sisi leo twataka kuuliza habari ya mambo yanayofuata: baraza la Tubondo, na amani iliyofanywa pale. Kwa maoni yetu, yule aliyeitunga hadithi hii hakuwa na shaka juu ya vita. Alikuwa na shaka juu ya amani.

Kwa wale wasioijua, tuikumbushe kwa ufupi. Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliwaita wazee wa baraza na wake zake saba, akatoa amri: atakayezaa mtoto mwanaume, mtoto huyo atauawa. Wake sita wakazaa wasichana. Wa saba, yule aliyependwa, akamzaa Mwindo. Wazalishaji wakanyamaza kwa hofu, lakini nyenje akakimbia kwa mwami, akatoa siri. Mwami akatupa mkuki, mkuki ukashindwa. Mtoto akazikwa, akatoka kaburini. Akafungwa ndani ya ngoma, ngoma ikatupwa majini, naye akasafiri na maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka wa maji. Wajomba zake wakamfulia mavazi ya chuma, akarudi Tubondo na vita. Nkuba, bwana wa umeme, akateremsha moto, kijiji kikateketea. Shemwindo akakimbilia kuzimu; mtoto akamfuata hata huko, akashinda majaribu ya Muisa, akashindana na Sheburungu katika mchezo wa kubahatisha, akamrudisha baba yake akiwa hai. Watu wa Tubondo wakafufuliwa. Ndipo baraza likakaa.

Baraza hilo, sisi twaliona kuwa sehemu iliyo nzuri kupita zote. Hakuna mtu anayepigana tena. Baba, mtoto na shangazi wanakaa mbele ya watu wote. Shemwindo anakiri ya kuwa kosa lilitoka kwake. Mwindo anasema hana kinyongo na baba yake. Iyangura, mwanamke, anamkemea mwami mbele ya watu wake: umebagua watoto, wengine umewaita wema, wengine wabaya, na wewe hukujua Mungu ameweka nini tumboni mwa mke wako. Kiisha Shemwindo anavua alama za ubwami, anamvika mwanawe. Mwindo anatawala, baba anakaa mlima mwingine. Msomaji anapumua, anasema: sasa mambo yametengenezwa.

Sisi vile vile tulisema hivyo, mpaka siku tulipoisoma sehemu hii pamoja na vijana. Mmoja wao, mtu wa kimya, akanyosha mkono akauliza: "Padri, na wale wazee wa baraza? Wamekaa wapi?" Tulirudi nyuma katika kitabu kuwatafuta, na tangu siku ile hatukuweza tena kukisoma kama zamani.

Maana wazee wako pale tangu mwanzo. Walikuwapo amri ilipotolewa. Wao na watu wa kijiji walilichimba kaburi la mtoto. Wakaitengeneza ngoma, wakafunga ngozi juu yake, wakaibeba mpaka majini. Mwami alikuwa na kinywa kimoja na mikono miwili. Kazi nyingine yote ilifanywa na mikono ya watu wake. Lakini barazani Shemwindo peke yake anaungama. Tena Iyangura anasema neno la kushangaza: kama shauri hili la kumtesa Mwindo lingalitoka kwa mzee mmoja wa baraza, shingo yake ingalikatwa hapa hapa, lakini kwa sababu limetoka kwako wewe, umepona. Tupime neno hilo vizuri. Mwami anapona kwa sababu ni mwami. Wazee wanapona kwa sababu walitii tu. Basi mtoto alizikwa hai, na kuzikwa kwake hakuna anayekulipa.

Tutumie kipimo ambacho kila mseminari amejifunza. Katika Kitubio twahitaji majuto, maungamo na malipizi. Shemwindo amefanya hayo kwa namna yake: ameungama mbele ya watu, na malipizi yake ni ubwami alioutoa. Wazee hawana majuto wala maungamo wala malipizi. Wanahama tu kutoka kwa mwami wa zamani kwenda kwa mwami mpya, na vinywa vile vile vilivyosema "ndiyo" kwa baba vinasema "ndiyo" kwa mtoto. Amani ya namna hii imekaa juu ya jiwe lisilosimama sawasawa.

Na Mwindo mwenyewe? Yeye ndiye aliyetendewa ubaya, ni kweli. Lakini ameteketeza kijiji kizima kwa kosa la mtu mmoja. Amewafufua watu, ndiyo; hata hivyo hakuna aliyemwuliza kwa nini walikufa. Katika baraza lile mshindi anasamehe, lakini yeye haombi msamaha kwa mtu yeyote. Kila mara anajisifu kwa jina lake, Kabutwakenda, yaani aliyezaliwa akatembea. Mtu anayejisifu hivyo wakati wa hatari anaeleweka. Akikaa katika kiti cha mwami na kuendelea kujisifu, watu wake waanze kuogopa.

Hapa twafika penye ubishi. Wako wasomaji wanaosema ya kuwa hadithi imekwisha barazani, na kwamba habari zinazofuata, yaani habari za joka Kirimu na za safari ya mbinguni, ni mkia tu, umeshonwa nyuma kusudi siku zitimie. Sisi hatukubali. Angalieni mambo yanavyofuatana. Mwindo amekuwa mwami, anatamani nyama ya nguruwe wa porini. Anawatuma Watwa wake kuwinda. Joka linawameza watatu, mmoja anakimbia na kuleta habari. Mwindo anakwenda, analiua joka, na katika kulichoma watu waliomezwa wanatoka wazima. Ni tendo zuri, twaweza kusema. Lakini joka lilikuwa rafiki wa Nkuba, na Nkuba ni yule yule aliyempigania katika vita ya Tubondo. Nkuba anashuka, anamkamata Mwindo, anampandisha juu. Huko anakaa mwaka mmoja, analowa na mvua, anachomwa na jua, mwezi unamwunguza nywele, na kiburi chake kinakatazwa. Anapewa amri asiue mnyama, hata mdudu mdogo, kwa kujitakia.

Basi, anayemhukumu mshindi ni msaidizi wake wa vita. Hilo si mkia. Hilo ndilo jibu la swali lililoachwa barazani. Tubondo hapakuwa na mtu wa kuweza kumwambia Mwindo "umekosa": baba ameshindwa, wazee wanaogopa, shangazi amerudi kwa mume wake. Basi mtunzi amemtafuta mwamuzi mahali pengine, mahali ambapo nguvu za Mwindo zimetoka. Na mwami anaporudi duniani, haleti tena habari za sifa zake. Analeta sheria: limeni vyakula vingi, kaeni katika nyumba nzuri, msigombane, msifuate mke wa mwingine, msicheke mgonjwa anayepita kijijini, pokeeni watoto wote, warefu na wafupi. Sheria hii ya mwisho inafunga mlango uleule ambao amri ya Shemwindo iliufungua. Mtunzi hakusahau alikoanzia.

Lakini tusimsifu kupita kipimo. Sheria inalinda watoto watakaozaliwa kesho. Haisemi neno juu ya yule aliyezikwa jana. Wazee wa baraza wanazisikia sheria pamoja na watu wote, wanaitikia, na hadithi inakwisha. Yule kijana aliyeuliza swali angeweza kuuliza tena. Huo, kwa maoni yetu, ndio upungufu wa kweli wa karisi hii, si urefu wake wala maajabu yake.

Tena upungufu huo si wa Wanyanga peke yao. Mfungue Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 19 na ya 20. Absalomu amekufa, Daudi anarudi Yerusalemu. Mefiboseti na mtumishi wake Siba wanasemana mbele yake, nani alikuwa mwaminifu. Daudi hachunguzi neno hilo. Anakata tu: mgawane mashamba. Watu wa Yuda na watu wa Israeli wanagombania haki ya kumrudisha mfalme, na mara Sheba anapiga baragumu ya uasi. Haraka ya mwenye kushinda ni ile ile: agawe, asamehe, akae. Maandiko Matakatifu yanaandika jambo hilo bila kulificha, na karisi ya Wanyanga vile vile.

Ndugu waseminari, hapa twataka kuwaonya juu ya jaribu moja. Kwa kuona mtoto aliyetupwa majini, mshujaa aliyeshuka kuzimu, aliyepanda juu akarudi na sheria, wengine hukimbilia kusema: huyu ni Musa, au, huyu ni mfano wa Kristu. Muwe wapole. Mwindo alishuka kuzimu kumkamata baba yake. Bwana wetu alishuka kwa ajili ya kuokoa. Mwindo alifundishwa unyenyekevu kwa nguvu. Mwana wa Mungu alijinyenyekeza mwenyewe. Anayefanya hadithi hii kuwa katekisimu anaharibu hadithi na katekisimu pamoja. Iacheni iseme neno lake.

Nalo neno lake latufaa sisi wa Goma. Mwezi wa Januari wa mwaka 2008, mji huu uliona baraza kubwa, mkutano wa amani wa Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, ulioongozwa na padri wa jimbo la Butembo-Beni, Apollinaire Malu Malu. Tarehe 23 vikundi vya silaha vilitia sahihi, na watu walipiga makofi kwa furaha ya kweli. Mwaka ule haukuisha, vita ikarudi mpaka karibu na mji. Mwaka 2012 iliingia mjini, na mwaka 2025 ikaingia tena. Hatusemi ya kuwa baraza lile lilikuwa bure; sahihi moja inayookoa kijiji kimoja kwa wiki moja si bure. Twasema tu ya kuwa mtunzi wa Mwindo alijua jambo ambalo sisi twajifunza kwa machozi: baraza ni mwanzo. Nyuma yake lazima waulizwe wale waliochimba kaburi, na lazima mshindi, awe nani, apate mtu wa kumwambia ukweli.

Ninyi makatekista mnaokaa katika vijiji vya Walikale, muwatafute wazee wanaojua bado karisi, mwandike maneno yao kwa Kinyanga chao. Mkimpata mmoja, mwulizeni kwa heshima swali la yule kijana wetu. Huenda katika masimulizi yake wazee wa baraza wanasimama mwisho na kusema: sisi vile vile tuliibeba ile ngoma.