Dakika Tatu za Times Square
Midnight Moment ni mpango wa kuonyesha sanaa ya video katika Times Square, New York, tangu 2012. Kila usiku, kuanzia saa 5:57 hadi saa 6 kamili, mabango mengi ya kielektroniki huacha kunadi bidhaa na kuonyesha kwa pamoja kazi ya msanii wa mwezi huo. Januari 2017 ilikuwa zamu ya Pipilotti Rist wa Uswisi: uso wake, ukiwa umebanwa kwenye kioo hadi pua ikabonyea na vipodozi vikatapakaa, uliwakodolea macho wapita njia kutoka kwenye kuta za maghorofa. Kiingilio hakuna. Wenye mabango, ambao kwao kila sekunde ni fedha, wanastahili pongezi.