Kadi ya grafiki na jani la muhogo

Muuzaji wa kompyuta mjini Bukoba akikuambia kadi ya grafiki itaipa mashine yako kasi, muulize: kasi ya kufanya nini? Barua za ofisi na hesabu za duka hazitanufaika nayo. Huko RAM ya kutosha na diski ya SSD vinasaidia zaidi. Lakini zipo kazi ambazo bila kadi zingechukua muda usiovumilika, na mojawapo inamgusa mkulima wa Muleba.

Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani walichapisha matokeo ya kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani. Walianza na picha 2,756, zilizopigwa Bagamoyo. Kompyuta ilijifunza kutofautisha batobato, michirizi ya kahawia, madoa na mashambulizi ya utitiri, ikapatia takriban asilimia 93 ya picha ambazo haikuwahi kuziona. Batobato Kagera tunaijua: aina yake kali ilituingilia kutoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990.

Picha hizo ni chache mno kwa somo kama hilo. Ila watafiti hawakuanzia sifuri. Walichukua Inception v3, mtandao wa Google uliokwisha kufunzwa kwa picha zaidi ya milioni moja za vitu vya kila namna, wakaufundisha upya sehemu ya mwisho tu. Mafunzo yale ya awali yalitumia kadi 50 za NVIDIA kwa pamoja.

Kwa nini kadi? Kupitisha picha moja katika mtandao huo ni kuzidisha na kujumlisha takriban mara bilioni 5. Kila hesabu ni nyepesi, na nyingi hazingojeani. Prosesa kuu ina viini vichache vyenye nguvu. Kadi ina viini vidogo kwa maelfu, vyote vikifanya hesabu ileile juu ya namba tofauti. Ni kama kuchuma kahawa: wachumaji mia humaliza shamba mapema kwa sababu mti haungojei mti mwingine, ilhali watu haohao mia hawawezi kuiharakisha pombe ya rubisi ichachuke.

Viini hivyo vikikosa namba za kuhesabu hukaa bure. Ndiyo maana kadi ina kumbukumbu yake yenyewe, yenye kasi kubwa, nami hutazama ukubwa wake kabla ya jina la kadi. Data zikizidi nafasi hiyo, muda unapotea zikisafirishwa kwenda na kurudi RAM.

Kwa kuwa sehemu nzito, yaani mafunzo ya awali, imekwisha kufanywa, kijana wa Bukoba mwenye kadi moja kama RTX 3060 ya GB 12 anaweza kufundisha mtandao kutambua mnyauko wa bakteria wa migomba. Kadi hiyo hula hadi wati 170, hivyo pawasaplai iwe ya wati 550. Picha azipige katika vibanja vya Muleba, mgomba ukiwa katikati ya kahawa na maharage. Tena asipige majani peke yake: mnyauko wa fusari nao huyageuza manjano. Apige pia ndizi zilizoiva kabla ya wakati, na usaha wa manjano unaotoka mgomba ukikatwa.