Kipimo Hakiulizi Ukoo

Kaskazini Mashariki, chombo kikiharibika, watu hawaanzi kwa kuuliza bei ya spea. Wanauliza ni nani atakayeiunda. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 360, na sisi wa Garissa ndio tulio karibu. Aliye Wajir ana kilomita nyingine zaidi ya 300 za kwenda kaskazini kabla hajafika kwake, na wa Mandera yuko pembe ya mwisho ya nchi, pale Kenya inapokutana na Ethiopia na Somalia. Kiangazi kikikaza, pampu ya kisima kirefu ikanyamaza, ngamia na ng'ombe waliokwisha kutembea siku nzima kuyafuata maji hawawezi kuambiwa wangoje mzigo utoke Nairobi. Hapo ndipo anapotafutwa fundi mwenye mashine ya kukereza chuma, ile ambayo karakanani huitwa leidhi. Huyo fundi, na kazi yake, ndio ninaotaka kuwasifu.

Kazi hiyo wengi wetu tuliionja utotoni bila kujua. Sisi watoto wa mabulla, yaani mitaa, ya Garissa tulijenga magari yetu wenyewe, kwa kuwa ya dukani hayakuwa ya watu kama sisi. Waya tuliiokota penye uzio uliobomoka, tukainyoosha kwa kuigonga juu ya jiwe. Fremu ilikunjwa kwa koleo ikiwa yupo wa kutuazima. Asipokuwepo, tulikunja kwa mawe mawili. Kichwa cha lori kilitoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Viungo vyote vilifungwa kwa blada, vile vipande vya mpira wa ndani wa tairi vinavyovutika na kubana kuliko kamba yoyote.

Magurudumu ndiyo yaliyompambanua fundi na mbabaishaji. Tulichukua ndara kuukuu, tukaweka mdomo wa mkebe juu yake, tukauzungushia msumari mpaka duara likajichora, kisha tukakata kwa wembe polepole. Tundu la katikati lilitobolewa kwa msumari uliotiwa moto, na hapo mkono ukiteleza kidogo tu, kazi yote imeharibika. Tundu likikaa kando ya kitovu, gari huchechemea, na hakuna maneno ya kuwafanya watoto wenzako wasilione. Usukani ulikuwa waya ndefu iliyopanda kutoka ekseli ya mbele hadi usawa wa kiuno, ukakunjwa duara juu, ili dereva akimbie wima nyuma ya gari lake huku akilielekeza.

Mchanga ulitufunza mambo ambayo darasani tulikuja kuyakuta baadaye sana. Gurudumu jembamba lilizama, kwa hiyo malori yetu yalivaa magurudumu mawili mawili nyuma, kama Fuso za mifugo zilizokuwa zikipakia kwenye soko la ng'ombe. Tulizungusha waya nyembamba kwenye msumari tukapata springi. Tuliweka hata vyuma vya juu ya bodi, pale wanapokaa vijana wanaosafiri na mifugo. Gari lilipokamilika lilipelekwa kwenye mashindano ya kukata kona kwa mbio, na hapo sifa ilipatikana kwa kazi. Mwana wa mwenye duka na mwana wa msukuma mkokoteni walisimama mstari mmoja. Swali lilikuwa gari lako linapinda au halipindi.

Kambi za wakimbizi za Dadaab zilipofunguliwa kuanzia 1991, ubunifu ule ule ulionekana huko. Mikebe ya mafuta ya msaada ilipasuliwa, ikanyooshwa, ikawa milango na kuta, na watoto wakapata humo malighafi ya malori yao. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi zaidi kwamba mkono wa binadamu haukubali kukaa bure, hata pale ambapo kila kitu kinaletwa kwa kipimo cha mgao.

Nilipomaliza shule nilipelekwa kwenye karakana moja ya mjini, kwa mzee tuliyemwita Abti, kama vijana wa Garissa wanavyowaita wazee wanaowaheshimu. Sikuruhusiwa kugusa mashine. Alinipa tupa na kipande cha chuma, akakifunga kwenye jiliwa, akasema, "Kifanye mraba." Nilipodhani nimemaliza, alikichukua, akaegemeza skwea ubavuni mwake, akakiinua kuelekea mwangaza wa mlango. Uzi wa nuru ukapita katikati. Hakunikaripia. Alikirudisha tu, nami nikaendelea kupiga tupa mpaka siku nuru ilipokataa kupita. Ndipo nikaelewa kwa nini alianza hapo: mashine humwongezea fundi nguvu, lakini jicho na subira lazima aje navyo mwenyewe.

Acheni niieleze kazi moja, ile iliyonifanya nimstahi fundi huyu milele. Watu wa kisima fulani walileta shafti ya pampu ikiwa imefungwa kwenye gunia. Bushi yake ya shaba ilikuwa imelika, pampu inatikisika. Mtu mwenye haraka angepima tundu la bushi kuukuu, akaunda nyingine kama hiyo, akapokea fedha. Abti aliifuta shafti kwa kitambaa, akaipima kwa maikromita mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu. Akaizungusha robo, akapima tena. Vipimo havikulingana. Shafti yenyewe ilikuwa imepoteza uduara wake, na bushi mpya ingekufa upesi kama iliyotangulia. Akaifunga kwenye taya za mashine, akaikereza kidogo sana, mpaka maikromita ikatoa neno lile lile kila upande.

Baada ya hapo ndipo akageukia shaba. Chuma laini kikikatwa hutoka utepe mrefu uliojiviringa, wenye rangi ya samawati kwa joto. Shaba hii hutoka chenga ndogo zinazoruka na kumetameta. Abti hakuwa akitazama tu, alikuwa akisikiliza. Kisu kikikata sawasawa, sauti huwa moja, haina mikatiko. Ikianza kulia kwa kutetemeka, kuna kitu kimelegea, au kisu hakikuwekwa usawa wa kitovu. Alisimamisha mashine kabla mimi sijasikia lolote.

Kwa shafti ya milimita 40, nafasi inayohitajika kati yake na bushi ni kama sehemu nne za mia za milimita moja, upana ambao unywele wa kichwa chako haupiti kwa raha. Ikizidi, shafti inacheza; ikipungua, inakwama na kuungua. Na hapa joto la Garissa linaingia kazini. Shaba ikipata moto hutanuka. Kipande cha ukubwa huo kikitoka kwenye kisu kikiwa na moto wa nyuzi 25 kuzidi hewa ya karakana, kinakuwa kimetanuka kwa karibu sehemu mbili za mia za milimita. Hiyo ni nusu ya nafasi yote. Ukikipima papo hapo, kipimo kitakudanganya, na kosa litajitokeza kikishapoa. Kwa hiyo Abti aliweka bushi juu ya sakafu ya saruji, akamimina chai ya maziwa, akawapa na wenye kisima. Walikuwa na haraka, na walikuwa na haki ya kuwa nayo. Lakini hakuna aliyeweza kuiharakisha shaba, na Abti hakujifanya anaweza. Alipopima tena, alikata mara moja ya mwisho, shafti ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba.

Katika historia ya kazi hii yuko Mwingereza Henry Maudslay, aliyezaliwa 1771 na kuanza kibarua akiwa na miaka 12 katika ghala la silaha la Woolwich. Alitoka kwenye kazi ya uhunzi, na kufikia mwaka 1800 hivi alikuwa ameunda mashine za kukata nyuzi za skrubu kwa usahihi ambao mkono mtupu haukuweza kuufikia. Karakanani mwake alikuwa na maikromita ya mezani, ambayo watu wake waliipa cheo cha jaji mkubwa wa Uingereza, Lord Chancellor. Kila ubishi wa vipimo uliishia kwake. Tajiri wa karakana na kibarua wake wote walikubali hukumu moja.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Kaskazini Mashariki ni nchi ya koo. Ukoo hutambulisha mtu, humlinda, humgombea kura, na mara nyingine humfungia mlango. Kwa vizazi vingi jamii ya Wasomali iliwategemea wahunzi wa Tumal kwa mikuki, visu na mashoka, na wakati huo huo ikawaweka kando. Hawakuoza wala kuozwa nje ya watu wao. Waborana nao waliwatenga wahunzi wao, tumtu. Mfugaji alimiliki shoka lililomjengea boma la kulinda mifugo yake, na akamwona duni aliyelifua. Hayo hayajatutoka yote. Nilipoanza kazi, rafiki yangu wa utotoni, mjenzi bora wa magari ya waya kuliko sisi sote, alitamani kuja pamoja nami. Nyumbani kwao aliambiwa kwamba nyundo si kazi ya watu wao. Mkono uliokuwa ukitoboa ndara kwa usahihi bila rula ukapotea hivyo.

Abti mwenyewe alifunzwa Nairobi na Kalasinga, mmoja wa wale mafundi wa Kisikh ambao watangulizi wao waliletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901, na ambao ustadi wao ulilifanya jina la Kalasinga litajwe popote palipo na injini. Alituambia mwalimu wake hakuwahi kumuuliza ametoka ukoo gani. Alimpa tupa na kipande cha chuma, na akakiinua kuelekea mwangaza.

Wanaodharau kazi hii kwetu hawana hata mahali pa kujishikia katika dini. Qurani ina sura nzima, ya 57, iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma. Nabii Daud, aliyekuwa mfalme, alilainishiwa chuma na kufundishwa kuunda mavazi ya vita. Nabii Nuhu alijenga safina kwa mikono yake huku watu wakimcheka. Hao ndio wazee wa kazi ya karakana, na dharau iliyoko kwetu ni mila tuliyojitungia wenyewe, kwa hiyo tunaweza pia kuiacha.

Nchi nzima iliwahi kuota ndoto ile ile tuliyoiota watoto. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani Kasarani. Yaliundwa matano ya majaribio, na yalifikia kasi ya kilomita 120 kwa saa. Hayakuingia sokoni. Lakini kutoka katika mradi ule ilibaki karakana, Numerical Machining Complex ya Nairobi, yenye mashine za kuunda vipuri. Naona kuna hekima katika mabaki hayo. Gari ni maelfu ya vipande, na taifa lisilo na watu wa kukereza bushi sawasawa haliwezi kuwa na gari lake hata likiwa na michoro mizuri namna gani. Anayeanza na kipande kimoja kilicho sahihi ameanza mahali panapostahili.

Wapo wanaosema zama za fundi huyu zinakwisha. Injini za dizeli zinaachwa visimani, paneli za jua zinachukua nafasi yake, na Garissa yenyewe ina mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 uliozinduliwa Desemba 2019. Nafurahi kwa mabadiliko hayo. Ila jua halikati nyuzi za bomba, wala halirekebishi ekseli ya mkokoteni wa punda unaosambaza maji mitaani. Mafuriko ya mto Tana yalipoikata barabara kati ya Madogo na Garissa mwaka 2024, spea zilizokuwa upande wa pili zilikuwa kama hazipo. Kila chombo kipya kitalika siku moja, mbali na kiwanda kilichokiunda.

Kwa hiyo nasema na wazazi wa Garissa, Wajir na Mandera. Mtoto akija na gari la waya, msimwone anapoteza muda. Litazameni gurudumu, mkamuulize alipataje kitovu chake. Akitaka kwenda kusomea ufundi, mpelekeni, awe mvulana au msichana. Pale Garissa ipo North Eastern National Polytechnic. Kaunti nazo ziweke mashine za kukereza karibu na visima, na vijana wa kuzitumia wawe ni wa huko huko.

Lakini mashine hununuliwa, na heshima hainunuliwi. Heshima tunayo wenyewe, na tumewanyima wahunzi wetu kwa karne nyingi. Siku mzee wa Garissa atakapoombwa binti yake, akauliza kijana anafanya kazi gani, akaambiwa anakereza chuma, akaitikia kwa fahari na kuwaita majirani waje washuhudie ndoa, siku hiyo tutakuwa tumeanza kulipa deni letu.